Wanyama kwenye vyombo na nguo za China na Japani: kila mmoja kabeba ujumbe (uzi mrefu)

Mchunguza Kauri (mwanzisha uzi)

Habari za jukwaa wakuu.

Nyumba nyingi hapa kwetu hazikosi kitu cha Kichina chenye mnyama. Beseni lenye samaki wekundu, chupa ya chai yenye ndege wa shingo ndefu, kalenda ya ukutani yenye joka. Tunanunua, tunatumia, wala hatuulizi. Sanaa za mapambo za Asia ya Mashariki nimezifuatilia miaka mingi, na kila nikisoma zaidi nazidi kuamini kwamba wale wanyama hawakuwekwa pale kujaza nafasi. Chombo cha zamani cha China kilikuwa na mtu anayekitoa na mtu anayekipokea, na mnyama ndiye aliyebeba salamu. Wanaovaa kanga wataelewa upesi: jina unalisoma kabla hujaangalia rangi, maana jina ndilo linalomfikia aliyekusudiwa.

La pili, na ndilo hasa lililonifanya nianzishe uzi: tumezoea kusema "mambo ya Kichina na Kijapani" kana kwamba ni kitu kimoja. Mnyama yuleyule akivuka bahari kutoka China kwenda Japani anabadilika maana, na sababu yake inapendeza kuijua.

Nianze na China.

Popo kwa Kichina ni *bianfu*, na neno la heri ni *fu*. Herufi ni mbili tofauti, sauti ni moja. Kwa fundi wa China hilo lilitosha. Akichora popo amekuombea heri. Akichora watano amekuombea zile heri tano zinazotajwa tangu Shujing, kitabu chao cha kale kabisa: maisha marefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema baada ya kutimiza umri wako. Na kwa nini popo wengi wa enzi ya Qing (1644–1912) ni wekundu wakati hakuna aliyewahi kuona popo wa rangi hiyo? Kwa sababu "nyekundu" na "kubwa mno" nazo zinatamkwa sawa, *hong*. Popo mwekundu ni heri isiyo na mwisho. Ukitazama sahani za enzi hizo haraka utadhani ni vipepeo au mawingu madogo yenye ncha. Tulia uangalie masikio na mabawa yaliyojikunja, utawaona.

Ukishaelewa ufunguo huo, milango mingi inafunguka. Samaki ni *yu*, sauti moja na neno la ziada, ndiyo maana samaki hakosekani kwenye picha na meza za mwaka mpya: mwaka uishe kuna kilichobaki. Kulungu ni *lu*, sauti moja na mshahara wa mtumishi wa mfalme. Tembo aliyebeba vasi mgongoni anaombea nchi amani. Paka anayemtazama kipepeo anapewa mzee, kwa kuwa *mao* na *die* zikiunganishwa zinatamkwa kama neno la mtu aliyefika miaka 70, 80 na kuendelea. Na ninachokipenda kuliko vyote: tumbili aliyepanda farasi, aliyechongwa kwenye jiwe la jade la kutosha kiganjani. "Juu ya farasi" kwa Kichina ndiyo pia "sasa hivi", na tumbili, *hou*, ana sauti moja na cheo kikubwa cha ukabaila. Kijana aliyepewa kijiwe hicho ameambiwa: upande cheo upesi.

Lakini si sauti peke yake. Wengine wanasema kwa tabia zao. Bata wawili waitwao *yuanyang*, dume wa rangi nyingi na jike wa kijivu, hawatenganishwi, kwa hiyo wamo kwenye mashuka na mito ya maharusi. Nyenje anaishi chini ya ardhi miaka kadhaa kisha anatoka, anavua gamba na kuruka. Ndiyo maana watu wa enzi ya Han, yapata miaka 2,000 iliyopita, waliweka nyenje wa jade juu ya ulimi wa maiti. Ukiwaona kwenye makumbusho, ni vijiwe vyenye mikato michache tu, mabawa mawili na macho mawili, lakini kila mkato umenyooka kabisa.

Nakaribisha maswali, Japani inakuja.

---

Binti Micheweni

Mkuu asante kwa uzi. Ila hili la popo limenishangaza. Mimi ni wa Pemba. Mwaka 1995 nilikuwa mdogo, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa, kwa hofu ya Popobawa. Mpaka leo bibi yangu hapendi hata picha ya popo ndani. Wenzetu wanamdarizi kwenye nguo ya harusi?

---

Mchunguza Kauri

Dada, ndiyo, kwenye nguo ya harusi, kwenye kiti cha mfalme, na kwenye kikombe cha mtoto. Na usidhani Wachina hawaogopi wanyama wa usiku. Mchukue bundi. Kwao kwa karne nyingi amekuwa ndege wa mkosi, sawa na kwetu. Lakini mwaka 1976 huko Anyang walifukua kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding wa enzi ya Shang, mwanamke aliyeongoza majeshi yapata miaka 1200 kabla ya Kristo. Ndani yake kulikuwa na vyombo viwili vya pombe vya shaba nyeusi vyenye umbo la bundi: amesimama kwa miguu miwili minene na mkia wake kama mguu wa tatu, kifua mbele, mwili mzima umejaa nyoka na nyuso za wanyama. Hakuna familia inayomzika mke wa mfalme na ndege wanayemwona wa nuksi. Maana yake enzi zile bundi alikuwa na heshima, kisha akaipoteza.

Kwa hiyo maana hazikai mahali pamoja hata ndani ya nchi moja. Salamu kwa bibi.

---

Kaka wa Upanga

Natia kambi hapa. Mkuu, kile kikombe cha Kichina chenye picha ya kuku kilichouzwa kwa hela ya kujenga hospitali, ni kweli au maneno ya mtandaoni?

---

Mchunguza Kauri

Ni kweli kaka. Kiliuzwa Hong Kong mwezi Aprili 2014 kwenye mnada wa Sotheby's, dola za Hong Kong milioni 281, yaani kama dola za Marekani milioni 36. Mnunuzi, Liu Yiqian wa Shanghai, alikinywea chai, na picha ile ikazua mjadala mkubwa China.

Niruhusu nikae hapa kidogo maana kikombe hiki kinastahili.

Ni kidogo. Upana wake mdomoni ni kama sentimita 8, unaweza kukifunika kwa kiganja. Kilitengenezwa Jingdezhen, mji wa kauri wa China, enzi ya mfalme Chenghua, aliyetawala kuanzia 1464 hadi 1487. Ukikizungusha polepole unakutana na jogoo mwenye mkia uliosimama, anageuza shingo kumtazama jike. Jike ameinama, ana kitu mdomoni, na vifaranga wamemzunguka, mmoja ametanua mabawa akikimbilia chakula. Halafu mawe, maua, na familia nyingine ya kuku upande wa pili. Mistari ya michoro ilichorwa kwanza kwa buluu, kikombe kikapakwa ute wake wa kung'aa kikachomwa, kisha rangi nyekundu, njano na kijani zikajazwa ndani ya mistari na kuchomwa tena kwa moto mdogo. Yaani kila unyoya ulipitia tanuri mara mbili. Vilivyobaki duniani havifiki 20.

Na maana? Watu hudhani kuku ni mnyama wa kawaida mno kuwekwa kwenye kikombe cha mfalme. Kinyume chake. Wachina wa kale walimhesabia jogoo sifa tano: upanga wake kichwani ni kofia ya msomi, kucha zake ni silaha za askari, akikutana na adui anapigana, akipata chakula anaita wenzake, na alfajiri hakosi kuwika. Usomi, ushujaa, ujasiri, ukarimu na uaminifu. Weka hapo na jike mwenye vifaranga, unapata ndoto ya kila nyumba, ya mfalme na ya mkulima: baba mwadilifu, mama anayelisha, watoto wengi. Mimi kwangu hiki ndicho chombo kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mafundi hawa waliwatazama wanyama kwa upendo. Yule kifaranga anayekimbia, aliyemchora alishakaa uani akatazama kuku.

---

Fundi Cherehani Tandale

Mzee mimi nashona, nimewahi kuona picha za kanzu za wakubwa wa China zina mraba kifuani wenye ndege. Ile ni nini? Na joka je, kila mtu aliruhusiwa?

---

Mchunguza Kauri

Fundi, umegusa penyewe. Ule mraba ni kitambulisho cha cheo. Ulianza rasmi mwaka 1391 mwanzoni mwa enzi ya Ming na ukadumu mpaka ufalme ulipoanguka mwaka 1912. Watumishi wa kiraia walivaa ndege, wanajeshi walivaa wanyama wakali. Daraja la kwanza la kiraia ni korongo, la tatu tausi, la nne bata bukini, la sita yangeyange, la saba wale bata wa yuanyang, la nane kware. Upande wa jeshi kulikuwa na simba, chui, chui milia, dubu na kadhalika. Ukikutana na mtu barabarani unatazama kifua, unajua uiname kiasi gani.

Ya ushonaji sasa. Enzi ya Ming mraba wa mbele ulikuwa mzima. Enzi ya Qing koti la juu lilifunguka mbele, kwa hiyo mraba wa kifuani ukakatwa katikati, nusu huku nusu kule, na wa mgongoni ukabaki mzima. Ndege anatazama jua dogo jekundu lililotariziwa kwenye kona, na jua ni mfalme. Mke wa mkubwa naye alivaa mraba wa cheo cha mumewe, ila ndege wake kageuzwa upande, ili wakikaa pamoja ndege wao watazamane. Na mwishoni mwa enzi ya Qing ilikuwepo mbinu ambayo wewe utaifurahia: mawingu, mawimbi na jua vinatariziwa kwanza, ndege anashonwa peke yake na kupachikwa juu. Ukipandishwa cheo, fundi anafumua ndege mmoja na kushonea mwingine, mraba unabaki uleule.

Joka, hapana, si kila mtu. Joka la kucha tano lilikuwa la mfalme na wale aliowaruhusu. Wengine walibaki na kucha nne. Wachina hawamwoni joka kama shetani wa kutema moto. Kwao ni bwana wa mvua na mito, na bila mvua hakuna mpunga. Ndani ya Kasri la Kifalme la Beijing kuna ukuta wa majoka tisa uliojengwa mwaka 1772, urefu wa mita 29 na ushee, umeunganishwa kwa vipande 270 vya vigae vya rangi. Kwenye tumbo la joka jeupe, la tatu kutoka mashariki, kipande kimoja si kigae bali ni mbao iliyochongwa na kupakwa rangi ili ifanane. Mafundi husimulia kwamba kigae kiliharibika siku za mwisho na hapakuwa na muda wa kuchoma kingine, na kosa mbele ya mfalme ni kichwa. Leo rangi imebanduka na mbao inaonekana wazi. Wageni wengi hupita bila kuiona kwa sababu wanatazama vichwa vya majoka.

---

Msafiri wa Malindi

Wapendwa, mbona hamjamtaja twiga wetu? Huku kwetu kila mtoto anajua twiga wa Malindi alipelekwa China.

---

Mchunguza Kauri

Ndugu yangu, nilikuwa namsubirisha, na umefanya vyema kumleta.

Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle twiga. Mwaka uliofuata, 1415, wajumbe wa Malindi wakafika na twiga wao. Kasri zima likasimama. Kwa nini? Kwa sababu Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi aitwaye *qilin*: mwili kama wa kulungu, mkia wa ng'ombe, kwato, mpole kiasi kwamba hakanyagi majani mabichi, na hutokea pale tu nchi inapotawaliwa na mtu mwadilifu. Sasa mbele yao amesimama mnyama mrefu, mwenye kwato, pembe zenye nyama, mwili wenye mabaka, hali nyama, hana kelele. Maafisa wakatamka kuwa ndiye qilin. Mwandishi wa kasri, Shen Du, aliandika utenzi wa sifa juu ya mchoro wa yule wa 1414, na nakala za mchoro huo zimehifadhiwa hadi leo: twiga ana hatamu usoni, mtu mwenye kilemba ameshika kamba, na mabaka ya mwili yamechorwa kwa mpangilio kama magamba ya samaki. Mchoraji alimwona twiga kwa macho yake, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea qilin.

Ikumbukwe Yongle alimpokonya kiti mpwa wake. Mfalme wa namna hiyo anahitaji sana mnyama anayeshuhudia uadilifu wake. Twiga wa pwani yetu alifanya kazi ya siasa.

Na qilin huyo ndiye mnyama wa daraja la juu kabisa la jeshi kwenye ile miraba ya Fundi, enzi ya Qing. Wajapani nao, mpaka leo neno lao la kawaida la twiga ni *kirin*.

Kwa upande wetu vyombo vilikuja vingi. Nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina, na Gedi wamefukua vipande tele.

---

Mama Kauthar

Baba umesema Japani inakuja, tunasubiri. Chai imeshapoa.

---

Mchunguza Kauri

Mama, tuingie Japani.

Wajapani walichukua herufi za China, dini ya Buddha na wanyama wengi wa kwenye michoro. Ila kuna viwili ambavyo havikuvuka sawasawa. Kimoja ni sauti. Neno likisomwa Kijapani halitamkwi tena kama Kichina, kwa hiyo fumbo la popo na la tumbili juu ya farasi halisikiki mdomoni. Cha pili ni ule mtihani mkubwa wa serikali uliomwezesha hata mtoto wa mkulima wa China kuwa afisa. Japani vyeo vilikuwa vya kurithi. Basi nusu ya salamu za Kichina, zile za "upate cheo, upate mshahara", zilikosa wa kupewa.

Mfano ulio safi ni kulungu. China ni mshahara. Japani ni majira ya kupukutika majani: dume analia milimani akimtafuta jike, na majani ya mti wa *momiji* yamegeuka mekundu. Utamwona kwenye masanduku ya laka na kimono akiwa na majani hayo. Na mjini Nara ni mjumbe wa mungu wa hekalu la Kasuga, ambaye inasemekana alifika amepanda kulungu mweupe, ndiyo maana kulungu wa pale wanatembea mjini bila kubughudhiwa. Mnyama yuleyule, hakuna hata senti ya mshahara.

Samaki naye vilevile. Hadithi ya China inasema samaki wa jamii ya koi anayepanda maporomoko ya Mto Manjano na kuruka Lango la Joka anageuka joka. China alipewa mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani. Japani akawa wa mtoto wa kiume: siku ya tarehe 5 Mei wanapandisha samaki wa kitambaa juu ya mlingoti, upepo ukiingia mdomoni anaogelea hewani. Mtihani umeondoka, ujasiri wa kupanda maji umebaki.

Wajapani walipenda zaidi mnyama na tabia yake, mnyama na majira yake, mnyama na kisa chake. Kereng'ende wanamwita mdudu wa ushindi kwa kuwa huruka mbele, kwa hiyo samurai walimweka kwenye kofia za vita na mapambo ya panga. Sungura anaishi mwezini akitwanga: China anatwanga dawa ya uzima, Japani anatwanga mchele wa mkate wa *mochi*. Kwenye sahani za Japani utamwona pia akikimbia juu ya mawimbi ya bahari, jambo ambalo sungura hafanyi. Linatokana na mchezo wa jukwaani wa Noh unaosimulia mwanga wa mwezi ukicheza juu ya ziwa.

Nenda sasa Nikko, kwenye kaburi la Tokugawa Ieyasu, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani, lililojengwa upya kwa fahari mwaka 1636. Kila mtu anawajua wale tumbili watatu, asiyeona, asiyesikia na asiyesema baya. Wachache wanajua kwamba wamo kwenye banda la farasi, na kwamba wao ni ubao mmoja kati ya nane. Iliaminika tumbili hulinda farasi na maradhi, ndiyo maana wakachongwa pale. Na mbao zile nane zinasimulia maisha. Wa kwanza, mama ameweka mkono juu ya macho anatazama mbali, anatazama maisha ya mwanawe, na mtoto anamtazama mama usoni. Wa pili ndio hao watatu: ni watoto, wanafundishwa wasiuzoee ubaya mapema. Wa tatu kijana kakaa peke yake, anakaribia kujitegemea. Wa nne wanatazama juu angani. Wa tano mmoja kakata tamaa na mwenzake anamfariji. Wa sita ana mawazo ya mapenzi. Wa saba wawili wanatazamana na mawimbi makubwa. Wa nane ana mimba, na hapo unarudi kwa mama wa kwanza. Dunia nzima imechukua ubao mmoja ikaacha saba, na hilo huniuma.

Palepale Nikko kuna tembo waliochorwa na Kano Tan'yu, ambaye hakuwahi kumwona tembo. Na kwenye jumba la Nijo mjini Kyoto, wachoraji wa ukoo wa Kano walijaza kuta chui milia wakiwa kwenye mianzi. Japani haina chui milia. Walichora kwa kutazama ngozi zilizoletwa na meli na picha za China, na waliamini chui wa madoa ndiye jike wa chui milia, kwa hiyo wamewachora pamoja kama familia. Wageni wa shogun walisubirishwa katika chumba hicho, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wale chui: kukukumbusha uko kwa nani.

---

Mwalimu Bukoba

Uzi umeshiba. Nina hoja moja. Nimewahi kuishi Osaka, na kule bundi ni wa bahati kwa sababu jina lake *fukuro* linasikika kama "bila taabu". Chura ni *kaeru*, ambalo pia ni "kurudi", watu wanaweka kichura kwenye pochi ili hela irudi. Hayo si mafumbo ya sauti pia?

---

Mchunguza Kauri

Ni hayo hasa mwalimu, na yanaonyesha vizuri ninachosema. Yote mawili yanasikika kwa Kijapani tu. Mpelekee Mchina bundi huyo wa bahati, atakutazama vibaya. Fumbo la sauti halisafiri kwenye meli. Kila lugha inazaa yake upya. Kinachosafiri ni umbo la mnyama, na akifika anapewa kazi nyingine.

Ongeza na *tai*, yule samaki mwekundu anayebebwa na mungu Ebisu. Jina lake limo ndani ya neno *medetai*, lenye maana ya jambo la kufurahisha, ndiyo maana hakosi kwenye sherehe.

---

Kaka wa Upanga

Mkuu, na zile sanamu ndogondogo za pembe, netsuke? Nimeona panya mmoja kwenye video, utadhani anapumua.

---

Mchunguza Kauri

Kimono haina mfuko. Mwanamume wa enzi ya Edo (1603–1868) alining'iniza kikasha cha dawa au mfuko wa tumbaku kwenye mkanda kwa kamba, na netsuke ndiyo iliyozuia kamba isiteleze. Kwa hiyo lazima iwe ndogo, iwe na tundu mbili za kamba, isiwe na ncha ya kukwaruza nguo. Ndiyo maana wanyama wake wamejikunja: panya kashika mkia wake, ng'ombe kalala na miguu ameiingiza chini. Tomotada wa Kyoto alisifika kwa ng'ombe, akaigwa mno hata enzi zake. Katika kalenda yao kila mwaka una mnyama wake: aliyezaliwa mwaka wa panya alivaa panya, wa mbwa mbwa.

Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani, mafundi wa vyuma wakakosa kazi ya zamani. Ufundi wao ukahamia kwa wanyama. Ukoo wa Myochin, mafundi wa mavazi ya vita, tayari walikuwa wakitengeneza wanyama wa chuma wenye viungo vinavyocheza; joka lao la mwaka 1713, lililotengenezwa na Muneaki, liko Makumbusho ya Taifa Tokyo, na kila gamba lake linateleza juu ya jingine. Kisha Suzuki Chokichi akapeleka mwewe 12 wa shaba kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, kila mmoja na mkao wake na rangi yake. Hao tafuteni picha zao leoleo.

---

Binti Micheweni

Nauliza kwa uchungu kidogo: hizo pembe zilitoka kwa tembo gani?

---

Mchunguza Kauri

Swali halali dada. Netsuke nyingi bora ni za mbao, hasa mti mgumu wa *tsuge*, na nyingine za pembe zilizoingia kupitia wafanyabiashara wa Nagasaki. Uharibifu mkubwa kwa tembo wa Afrika ulikuja baadaye. Karne ya 20 Japani ilinunua pembe nyingi mno kwa ajili ya mihuri ya majina, *hanko*, na China kwa nakshi. Mwezi Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe mjini Nairobi, na mwaka huohuo biashara ya kimataifa ikapigwa marufuku. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Mimi napenda kazi ya Tomotada, na siwezi kumshauri mtu yeyote kununua pembe, ya zamani wala mpya. Mbao zinatosha na zinapendeza zaidi mkononi.

---

Mama Kauthar

Baba, nina sahani ya ukutani ya mama mkwe, alinipa nilipoolewa. Ina bata wawili wanaogelea kwenye maua ya yungiyungi, na pembeni vitu vyekundu nilivyodhani ni vipepeo. Vina masikio. Vipo vitano.

---

Mchunguza Kauri

Mama, bata wawili ni ndoa isiyovunjika. Yungiyungi ni *lian*, sauti moja na neno la "mfululizo", yaani watoto wafuatane. Watano wenye masikio unawajua sasa. Angalia nyuma ya sahani kama kuna alama ya buluu chini ya ute, upige picha mchana karibu na dirisha bila kuwasha mwanga wa simu, uiweke hapa tuisome pamoja. Na usiisugue kwa steelwool, ile rangi nyekundu imechomwa juu ya ute na inatoka.